Nikiulizwa "kwenu wapi?" nakosa jibu. Je, nisomee fasihi?

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 27, naishi Tabata, ni mhasibu kwenye kampuni ndogo pale Gerezani. Baba yangu alikuwa mtumishi wa reli, kwa hiyo nimekulia kwenye kota. Nilizaliwa Dodoma, nikaanza shule Tabora, nikaingia sekondari Kigoma, nikamalizia Morogoro ambako wazee wamejenga, huko Kihonda. Baba ni Muha wa Kasulu, mama ni Mluguru. Sisi watoto tuliongea Kiswahili tu. Kasulu nimefika mara mbili, zote misibani, na zote mbili nilisalimiwa kwa Kiha nikamgeukia binamu yangu anijibie.

Hapa Dar ukikaa na watu, swali la pili baada ya jina ni "kwenu wapi?" Nikisema Kigoma, naulizwa Kigoma ya wapi, na mbona Kiha hujui. Nikisema Morogoro, naambiwa jina lako si la huko. Siku hizi najibu "mimi mtoto wa reli", watu wanacheka, mambo yanaendelea. Kicheko kikiisha, swali nabaki nalo mimi.

Mwaka jana nilianza kusoma riwaya za Kiswahili kwenye daladala. Zimenishika mpaka nimepitiliza kituo zaidi ya mara moja. Nikaanza na kuandika. Shida ni kwamba kila nikitaka kuandika kuhusu nyumbani, kinatoka kitu cha hivi: "Jua lilikuwa likizama taratibu katika kijiji chetu kizuri chenye mandhari ya kuvutia, ndege wakiimba, upepo mwanana ukipepea." Mshauri, kijiji hicho sikijui. Sijawahi kuishi kijijini hata wiki mbili.

Rafiki yangu anasema nikasomee shahada ya fasihi, huko ndiko nitakapojitambua. Nimeshaweka akiba ya ada ya mwaka mmoja na nafikiria kuacha kazi. Kidato cha sita nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Mama anasema hadithi hazisomewi, zinasikilizwa. Huyo ndiye mama aliyehama mara zote hizo na kibao chake cha mbuzi kikiwa kimefungwa kwenye kanga, hata Tabora ambako nazi zilikuwa zinaletwa na treni na nyingine zinafika zimeoza. Samahani, hilo limenijia tu.

Nifanyeje?

Mtoto wa Kota, Tabata

*

Marahaba, Mtoto wa Kota.

Kazi usiache, na akiba ya ada iache ilipo kwa sasa. Habari ya shahada nitaifikia. Nianze na barua yenyewe, maana humo umetuletea nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza ni kile kijiji chenye upepo mwanana, ambacho umekinukuu kwa aibu. Mara ya pili ni kibao cha mbuzi ndani ya kanga, ambacho umekitaja mwishoni kama mtu anayekumbuka neno akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Kijiji kina maneno mengi, na humo hamna kitu hata kimoja cha kushika mkononi. Kibao kina meno, kina kanga, kina nazi iliyoozea njiani, na kina mwanamke aliyekataa kupika bila tui mahali pasipo na minazi. Halafu ukaomba samahani! Anzia hapo hapo ulipoombea samahani.

Kile kijiji kimetoka kwenye insha za shule ya msingi. Mtoto akiandika "mandhari ya kuvutia" anatiwa vema, na anaelewa haraka kwamba nyumbani panapofaa kuandikwa sharti pawe na ndege, mto na jua la jioni. Kota ya vyumba viwili yenye namba mlangoni haikuwahi kupata vema. Ndiyo maana ukishika kalamu leo, mkono unakwenda wenyewe kule ulikopewa alama. Kujiambia "niandike kwa hisia zaidi" hakusaidii kitu, kwa kuwa hisia ndizo zilizokijaza kijiji hicho. Kinachosaidia ni kujinyima. Kwa wiki 12 piga marufuku kwenye daftari lako jua linalochomoza au kuzama, upepo wa aina yoyote, neno "nyumbani", na majina ya hisia: upweke, amani, furaha, huzuni. Wiki ya kwanza utaona umefungwa mikono. Ukishaondoa hayo unabaki na vitu, na watu wanaofanya jambo fulani na vitu hivyo.

Sasa hilo swali linalokusumbua. Lisikilize kwa sikio la sarufi kidogo. Kiswahili kinatofautisha kwangu na kwetu. Kwangu ni pale unapolipa kodi wewe: "karibu kwangu Tabata". Kwetu ni kwa ukoo, na hata mtoto wa pekee husema kwetu. Kwa hiyo anayekuuliza "kwenu wapi?" hataki kujua unalala wapi wala ulizaliwa hospitali gani, anauliza wewe ni wa akina nani. Ukimjibu jina la mkoa unakuwa umejibu swali la jirani yake. Lile jibu lako la "mtoto wa reli" unalolitoa kwa mzaha linakaribia zaidi, kwa sababu linataja watu.

Tena lugha imekupa njia tatu za kukaa nyumbani: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. PA ni mahali mahsusi, unapoweza kupaonyesha kwa kidole. KU ni upande, eneo ambalo mpaka wake hauonekani. MU ni ndani. Hili ni zoezi la jioni tatu. Andika aya moja ya maneno kama 100 kwa kila moja. Ya PA iwe kota moja tu, tuseme ya Tabora: kizingiti, bomba la maji, mlango wa jirani. Ya KU iwe njia ya reli, kule mnakotoka na kule mnakoambiwa mnakwenda. Ya MU iwe ndani ya behewa au jikoni, na ukishaingia usichungulie hata dirishani. Mojawapo itakuja yenyewe na nyingine itagoma. Usiilazimishe iliyogoma. Kwa mtoto aliyehamahama, dau langu liko kwenye MU, kwa kuwa vyumba vilibadilika lakini vilivyokuwa ndani ya vyumba vilifungashwa na kufunguliwa vilevile.

Kuhusu kusoma, unasoma sana, ila nahisi unasoma kwa jicho la mtihani. Shuleni uhakiki ulikwenda kwa mpangilio: maudhui kwanza, yaani dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, halafu fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha, na mandhari ikapewa mstari mmoja, "mandhari ni ya kijijini na mjini". Kwa kupata alama inatosha. Kwa shida yako, geuza juu chini. Anza na mandhari, tena kwa penseli: watu wanakula nini, maji yanatoka wapi, mlango unafungwa na nani usiku, kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa kiasi gani. Dhamira iache, itakuja yenyewe.

Vitabu viwili vinakutosha kwa wiki hizo 12. Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Nakupa hiki kwa sababu kinaanzia kwenye mji mdogo uliokua kwa ajili ya ujenzi wa reli ya Wajerumani, na mvulana wa miaka 12 anapandishwa treni kwenda pwani bila kujua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kisome chote mara moja kama unavyosoma siku zote. Kisha rudia sura ya kwanza peke yake, polepole, ukipiga mstari kila mahali mtoto anapokumbuka kwao. Jiulize kila mara: amekumbuka kwa kuambiwa kwamba anahuzunika, au kwa kitu alichokiona, kukinusa, kukila? Andika hesabu yake pembeni. Hesabu hiyo ndogo itakufundisha zaidi ya kurasa nyingi za nadharia.

Cha pili ni kile kirefu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, akakosa mchapishaji, mwisho akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, na mwandishi akafariki 1981. Kinakwenda mwendo wa jahazi lisilo na upepo (samahani kwa upepo), na wengi hukiweka chini kabla ya katikati. Wanakosea kwa kukisoma kama kisa cha mke na mume waliochelewa kupata mtoto. Kisome kama unavyomtazama mtu anayefungasha mizigo: salamu, dawa, pombe, ukwe, kilimo, kila kitu amekitia humo kwa kuwa aliona vinaondoka. Kurasa 10 kwa siku zinatosha. Ukifika mahali kazi inaelezwa toka mwanzo hadi mwisho, nakili nusu ukurasa kwa mkono, koma kwa koma. Mkono unajifunza mambo ambayo jicho linayaruka.

Kisha fanya hivyo hivyo kwa kibao cha mama. Nikuonyeshe ninachokusudia. Mambo haya ni ya kubuni. Ya mama yako utayaweka wewe:

"Mama alikalia kibao upande, miguu yote kushoto, sinia chini ya meno. Nazi aliinusa kabla ya kuipasua, akainusa tena baada ya kuipasua. Alikuna akizungusha kifuu, akaacha pale weupe ulipoanza kuchanganyika na kahawia. Chicha aliikamua mara tatu. Morogoro alikuwa akikamua mara mbili."

Hamna neno la hisia hata moja. Lakini ule mkamuo wa tatu unasema nazi ilikuwa adimu, unasema mama aligoma kukubali kwamba ni adimu, na unasema aliyekuwa akihesabu ni mtoto. Makosa mawili hutokea hapa. Mwandishi huruka hatua ("mama alikuna nazi akapika"), na msomaji anakosa pa kusimama. Au anaeleza baada ya kuonyesha ("hivyo ndivyo mama alivyotupenda"), na hapo anafuta kwa mkono wa kushoto alichoandika kwa mkono wa kulia. Ukiona sentensi yako ya mwisho inaanza na "hivyo ndivyo", ikate.

Daftari liwe kaunta buku, hizi za karatasi nyingi zilizoshonwa, maana karatasi moja moja hupotea na simu inakuita WhatsApp. Kurasa za kushoto ziwe za vitu, za kulia za maneno: namna watu walivyosema. Dakika 20, siku nne kwa wiki, saa ileile, kabla hujagusa simu. Ukiandika maneno 150 kila mara, wiki 12 zinakupa kama 7,200. Yakibaki 1,500 ya kufaa umefanya kazi nzuri. Anza na kota ya mwisho, Morogoro, urudi nyuma kuelekea Dodoma, na pembeni mwa kila jambo andika N kama umeliona mwenyewe kwa macho, au A kama umeambiwa. Ya Dodoma karibu yote yatakuwa A, na hakuna ubaya. Ubaya ni kuyaandika kama uliyaona. Msomaji ananusa.

Hizo A ndizo zinazokurudisha Kihonda. Mrekodi mama kwa simu, nusu saa, isizidi. Simu ilale juu ya kanga iliyokunjwa, feni izimwe, redio izimwe, jaribu dakika moja kwanza na usikilize. Usimuulize "maisha ya kota yalikuwaje?", kwa sababu atakujibu kama anayehojiwa na redio: "tulimshukuru Mungu". Muulize ndoo ya maji ya kunywa ilikaa wapi, siku ya kuhama kitu cha kwanza kufungwa kilikuwa nini na cha mwisho nini, nani alibaki na kuku. Kuandika alichosema huchukua muda kuliko unavyodhani, kama dakika tano kwa kila dakika ya sauti, kwa hiyo chagua dakika 10 zilizo bora uache nyingine. Na mwiko mkubwa: usimsahihishe. Kiswahili cha mama aliyepita Dodoma, Tabora na Kigoma kina vijineno vyake vya kila kituo. Ukikinyoosha kiwe sanifu, utapata sentensi safi ambayo ingeweza kusemwa na mtu yeyote.

Kwa baba, omba maneno 30 ya Kiha, usiombe lugha nzima: ya jamaa, ya chakula, ya kuamkia. Andika anavyotamka, na akikuambia "hilo halina Kiswahili chake", weka nyota. Ukilitumia neno hilo kwenye maandishi yako usiliwekee tafsiri mbele yake. Panga sentensi ili ajue asiyejua. Na ukienda Kasulu tena, angalau salamu utaijibu mwenyewe.

Kama nathari, yaani maandishi ya mfululizo yasiyo ya kishairi, itakusumbua, jaribu utenzi. Ubeti mmoja una vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya kwanza vinafanana kina, yaani silabi ya mwisho, cha nne kinabeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi utenzi uishe. Mfano:

Kibao kimo kangani,
Kimepanda behewani,
Hakijui ni kwa nani
Kinakokwenda kushuka.

Hesabu kwa vidole. Angalia kwamba "nga" na "nda" ni mizani moja kila moja, lakini "m" ya "mtoto" ni mizani peke yake. Hapo ndipo wengi huangukia. Mizani nane ni nafasi ya kitu kimoja, haina pa kuweka "mandhari ya kuvutia ya kupendeza". Tunga beti nane ukianzia hapo, kina cha mwisho kikiwa "ka". Kila ubeti uwe kituo.

Shahada sasa. Shahada ya fasihi itakufundisha kuhakiki: nadharia, historia ya fasihi, fasihi simulizi na namna ya kuikusanya. Kama ni shahada ya Kiswahili, sehemu kubwa itakuwa isimu, yaani uchunguzi wa lugha yenyewe: sauti (fonolojia), maumbo ya maneno (mofolojia), muundo wa sentensi (sintaksia), na wanaoingia wakitegemea riwaya peke yake hushtuka muhula wa kwanza. Ni elimu nzuri. Kukuonyesha kwenu haikuahidi. Kwa ECA yako, chukua mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoa kila mwaka na uangalie sifa za kila programu, kwa kuwa nyingi hudai ufaulu wa somo lenyewe kidato cha sita. Kama mlango uko wazi, Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kinafundisha kwa masafa, na mhasibu wa Gerezani anaweza kusoma bila kuacha mshahara. Lakini kabla hujalipa, maliza wiki 12. Jiunge na Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, vitabu nilivyokutajia vitafute huko kabla ya kununua, na kwa vya bei nafuu pitia wauza vitabu vya mitumba mitaa ya Posta. Ukimaliza ukiwa unauliza maswali kama "kwa nini utenzi una mizani nane na shairi lina 16?", basi kaombe chuo. Ukimaliza ukiwa unataka tu kuandika kota ya Kigoma, ada hiyo nunulia muda: likizo ya mwezi bila malipo ina faida zaidi.

Tafuta na watu wawili au watatu wa kukusikiliza, siyo zaidi. Unasoma kwa sauti ukurasa mmoja, unanyamaza, kila mmoja anataja kitu kimoja alichokiona. Asiyeona kitu aseme hivyo. Marafiki wanaosema "hongera, umegusa" waalike kwenye harusi.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu najua utaisikia, ilianza kutolewa 2023. Mwaka huu usiifikirie.

Jambo la mwisho lina haraka yake. Treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na nina hakika ndiyo unayopanda kwenda Kihonda siku hizi. Behewa la daraja la tatu ulilolijua, mizigo ilivyopakiwa dirishani, vyakula vilivyouzwa kituo kwa kituo, watoto wanaozaliwa sasa huenda wasivikute. Hivyo una N mbele yake. Viandike kabla ya kota ya Dodoma.

Na ukienda mwisho wa mwezi, kile kibao kigeuze chini uangalie kama kina alama ya aliyekichonga, kisha muulize mama kilinunuliwa wapi, kwa shilingi ngapi, na meno yamebadilishwa mara ngapi.